Jina Nililokataa Kuchonga

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya orodha. Kamati ya mashujaa ya lokesheni yetu ilikuwa imeamua kujenga ukuta mdogo mbele ya ofisi ya chifu, uwe tayari kwa sherehe za Oktoba, na kwa kuwa mimi ndiye fundi wa mawe ya makaburi hapa Sultan Hamud, kazi ya kuchonga majina ilikuja kwangu. Mwenyekiti aliniletea karatasi yenye majina kumi na tisa ya watu wa kwetu waliopigania uhuru. Nikaanza kuyapima, nijue kila jina litachukua nafasi gani kwenye jiwe. Nilipofika la saba nikaweka penseli chini. Lilikuwa jina la baba yangu, Mbithi Nzuki.

Baba hakufungwa wakati wa hali ya hatari ya miaka ya hamsini. Baba alikuwa askari wa kambi. Alivaa kaptura ya kaki na kushika bunduki upande wa nje wa seng'enge, katika kambi moja kando ya reli ambako watu waliokula kiapo cha Mau Mau walizuiliwa bila kesi. Jambo hilo halikuwa siri kwetu, ila lilikuwa halisemwi.

Nilikwenda kwa kaka yangu Daudi, ambaye ndiye aliyebaki kwenye boma la mzee. Aliniambia jina halikupelekwa na yeye. Lilipelekwa na watoto wa marehemu Nzomo, jirani yetu, aliyekuwa mfungwa katika kambi ile ile.

"Mzee alimwokoa Nzomo," Daudi akasema. "Bila yeye ile familia haingekuwepo. Huo si ushujaa?"

Hadithi hiyo niliijua, lakini niliijua nzima. Mwaka mmoja kabla ya kufa, baba alikuja kuketi katika karakana yangu nikisugua jiwe, akanieleza bila mimi kumwuliza. Siku moja kambini ilipatikana barua iliyoandikwa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, ikilalamikia mateso. Bwana mkubwa wa kambi alimwagiza baba amletee aliyeiandika kabla ya saa sita. Baba alikuwa amemwona Nzomo akiiandika. Nzomo alikuwa mtu wa kwao, walichunga mbuzi pamoja. Basi baba akaingia kwenye banda akamtoa mtu mwingine ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemwona akisoma gazeti, kibarua wa reli kutoka Ikutha, Kitui, jina lake Ngumbau. Baba akaamriwa amvunje mkono alioandikia. Akauvunja kwa kitako cha bunduki. Baba aliponieleza hakulia. Alisema tu kwamba yule mtu aliuliza mara moja, "Kwa nini mimi?" na hakujibiwa.

Nilimwuliza Daudi huyo Ngumbau tumweke wapi katika ushujaa huo. Akasema ukuta ni wa watoto wetu, na aliyeumia ameshakufa, na aliyemwumiza ameshakufa, sasa mimi nataka nini. Nilimwambia jina hilo sitalichonga, na kwamba kabla sijasema lolote mbele ya kamati nitakwenda Ikutha kutafuta watu wa Ngumbau. Isingekuwa haki wenyewe wasikie habari zao baada ya Sultan Hamud nzima. Mchungaji wetu alimpigia simu mwenzake wa huko, na baada ya siku mbili jibu likaja: Ngumbau alikufa zamani, lakini ameacha binti, anaitwa Kavutha.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, nilitoka Sultan Hamud kwa pikapu yangu ya kubebea mawe. Malori ya Mombasa yalikuwa yamejipanga kando ya barabara, madereva wakinywa chai vibandani. Mke wangu alinifungia chapati, akaniambia nisiende kama mtu anayekwenda kuomba msamaha haraka haraka ili arudi. Nilimwelewa. Emali niliipita jua likichomoza, na kutoka hapo barabara ilikuwa wazi, milima ya Chyulu upande wa kulia ikiwa bado na ukungu.

Makindu nilisimama kwenye hekalu la Makalasinga, ambapo msafiri yeyote hupewa chai na chakula bila kuulizwa dini yake. Nilikuwa nimeketi na kikombe mkononi Daudi aliponipigia. Hakupaza sauti. Alisema ninakwenda kumpeleka baba kwa watu wasiomjua, wamjue kwa siku yake moja mbaya kuliko zote, na kwamba hata mimi nisingependa mtu anipime hivyo. Maneno hayo yaliniingia, kwa sababu yana ukweli. Baba alitulea vizuri. Alitusomesha kwa akiba ya mshahara ule ule wa kambi. Nilimaliza chai, nikasuuza kikombe kama inavyotakiwa pale, nikarudi kwenye gari. Nilijiambia kwamba kama siku hiyo moja ni ya baba tu, basi Daudi ana haki. Lakini siku hiyo ilikuwa na mtu wa pili.

Kibwezi nikakata kushoto kufuata barabara mpya ya Kitui. Zamani njia hii ilikuwa vumbi na mawe, na mvua ikinyesha watu walilala njiani. Sasa ni lami nyororo inayopita kati ya katani na vichaka vya miiba. Nyumba zilizidi kuwa mbali mbali. Kwenye daraja la mto Athi nilipunguza mwendo, maana hapo Makueni inaishia na Kitui inaanza. Maji yalikuwa machache, ya rangi ya udongo. Nilimfikiria Ngumbau akirudi nyumbani kwa miguu, pengine akivuka mahali hapo kabla ya kuwepo daraja, mkono wa kulia ukiwa umefungwa kifuani.

Saa saba mchana nilifika Ikutha. Nilichukua chumba katika nyumba ya wageni ya mama mmoja Mwislamu, Mama Zuhura, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na biashara ya vitambaa akaoa hapo hapo. Alizungumza Kikamba kizuri kuliko changu. Nilipomtajia Kavutha alinieleza njia, halafu akaongeza jambo ambalo sikulielewa.

"Ukifika kwake," akasema, "usitaje watu wa Munyoki. Nyumba hizo mbili hazisalimiani tangu mimi sijazaliwa."

Nilimwambia simjui Munyoki. Alisema bora.

Saa tisa nilimkuta Kavutha uani kwake, akipepeta ndengu. Ni mama wa miaka sabini na kitu, mrefu, amevaa leso mbili na buti za mvua za mwanawe. Nilimwamkia kwa heshima, nikamwita mwaitu, yaani mama, naye akaniletea kigoda na sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharage, kabla ya kuniuliza nimetoka wapi. Nilikula kidogo. Kisha nikamwambia mimi ni Mutisya, mwana wa askari aliyemvunja baba yake mkono.

Hakusimama. Aliweka ungo chini, akafuta mikono, akasema, "Endelea."

Nilimweleza yote: barua, saa sita, Nzomo, urafiki wa kuchunga mbuzi, kitako cha bunduki. Nilimweleza pia kuhusu ukuta na orodha. Sikuficha kwamba baba aliishi miaka mingi, akazikwa na watu wengi. Alinikatiza mara moja tu, kuniuliza kama nina hakika baba yangu ndiye aliyemchagua Ngumbau, mwenyewe, bila mtu kumtajia jina. Nilisema nina hakika, nilisikia kutoka kinywani mwake. Aliniuliza tena kwa maneno mengine. Nikajibu vile vile.

Ndipo naye akaniambia upande wake. Baba yake alirudi mkono ukiwa umepinda, vidole haviwezi kushika jembe wala kamba ya ng'ombe. Kavutha alikuwa mkubwa wa watoto. Alitolewa darasa la tatu awe mkono wa baba yake, na hakurudi shule. Alilima, alikama, alifunga mizigo, alimvisha viatu. Alivisema hivyo kama mtu anayehesabu kazi za siku, bila kutafuta huruma yangu. Lakini si hilo lililomfanya aniulize mara mbili. Kambini, baba yake alikuwa na mwenzake wa hapa hapa Ikutha, Munyoki, walikamatwa siku moja. Munyoki aliachiliwa mapema, akarudi mzima. Ngumbau aliporudi na mkono wake, aliketi akafikiri: nani alimwambia askari kwamba najua kuandika? Akapata jibu moja tu. Munyoki aliapa kwamba hakusema kitu. Hakuna aliyemwamini.

"Baba alikufa akijua Munyoki alimuuza," Kavutha akasema. "Nasi tulijua."

Alitazama ng'ambo ya mto wa mchanga ulio chini ya shamba lake, kwenye paa la mabati lililokuwa likimeta. Alisema niende nikalale, nirudi asubuhi.

Jumatano, saa mbili asubuhi, nilimkuta amevaa nguo za kanisani. Alisema gari niliache. Tulishuka kwa miguu hadi mtoni, tukapita kwenye mchanga mkavu. Kulikuwa na visima viwili vya kuchimbwa mchangani, kimoja juu na kingine mbali chini, na mimi kama fundi nikaona mara moja kwamba kile cha juu, karibu na mwamba, ndicho mahali pazuri pa maji, na kwamba wanaotumia cha chini hutembea mara tatu. Sikuuliza ni cha nani. Kwa mtu mwenye miguu mizima safari nzima ni robo saa. Kavutha aliniambia mara ya mwisho kuuvuka mto huo alikuwa msichana.

Mwenye paa la mabati ni Kilonzo, mwana wa Munyoki, mzee wa kanisa, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipomwona Kavutha mlangoni alishika nguzo ya baraza. Walisalimiana kwa shida, kama watu wanaotumia lugha waliyoisahau. Kavutha akasema, "Mgeni huyu ana neno. Ni la kwako kuliko langu. Msikilize."

Nilisema tena. Kilonzo alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nianze upya, polepole, na akamwita mke wake aje asikie. Nikaanza upya. Nilipofika mahali baba alipoingia kwenye banda na kuchagua, Kilonzo alivua miwani.

"Baba yangu hakusema," akasema.

"Hakusema," nikamjibu. "Hakuna aliyeulizwa."

Mke wake alishika mkono wa kiti chake. Kisha Kilonzo akamgeukia Kavutha, akamwambia kwamba dada yake, Mwende, alitaka kuolewa na mdogo wa kiume wa Kavutha, na akakataliwa kwa sababu ya damu ya Munyoki. Mwende alikwenda Mombasa akafia huko, hakuwahi kurudi hata kuzika wazazi. Mama yao naye, baada ya kunyimwa kile cha juu, alichota maji kisima cha chini mpaka mgongo ukapinda.

"Tulimkataa Mwende," Kavutha akasema. "Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyesema tusiwe na mtoto wa msaliti jikoni kwetu. Nimevuka nije niseme hivyo kwa mdomo wangu."

Nilidhani watalia au watakumbatiana. Haikuwa hivyo. Kilonzo alisema siku hiyo hana la kujibu, asilazimishwe, kwa kuwa aliyepaswa kusikia maneno hayo yuko kaburini. Lakini alisema Kavutha aketi. Mke wake akaleta uji. Tulikunywa sote wanne, na kwa muda mrefu mazungumzo yakawa ya ndengu, na wanunuzi wanaokuja na mizani ya uongo, na mvua iliyochelewa. Tulipoinuka kuondoka, Kilonzo alitusindikiza hadi mtoni. Alipofika kwenye kisima cha juu alisimama, akamwambia Kavutha kwamba mke wake atateremka kesho na punda kuchota hapo. Hakuomba ruhusa. Kavutha akasema sawa.

Tukipanda kurudi kwake nilimweleza nilichokuwa nimekipanga tangu Sultan Hamud: kumwomba ruhusa nichonge jina la baba yake mahali pa lile la baba yangu. Alisimama kupumzika, akanitazama.

"Baba yangu ana watu wake," akasema. "Hahitaji kukaa kwenye kiti cha baba yako. Wewe nenda ukaseme kwenu kama ulivyosema hapa. Usipunguze."

Alhamisi alfajiri niliaga Ikutha. Mama Zuhura alikataa kunionyesha furaha, lakini habari zilikuwa zimeshamfikia, kwa maana aliniwekea mayai ya kuchemsha ambayo sikuyaagiza. Njia nzima hadi Kibwezi nilirudia maneno nitakayosema, na kila nilipoyarudia niligundua ninamwongezea baba kisingizio kidogo: kwamba aliamriwa, kwamba alikuwa kijana, kwamba angepigwa yeye. Yote ni kweli. Lakini nikakumbuka nilivyoambiwa na Kavutha, nikayatoa moja moja. Nilipofika Emali yalikuwa yamebaki machache, na yalikuwa magumu.

Jumamosi, saa nne, kamati ilikutana Sultan Hamud katika darasa la shule, na familia za wote walio kwenye orodha zilialikwa. Nilisimama nikawaambia kwamba jina la saba sitalichonga, nikaeleza sababu. Niliwaambia pia kuhusu darasa la tatu, na Mwende, na kisima cha chini. Daudi alitoka kabla sijamaliza. Nilimwona kupitia dirishani akitembea kuelekea nyumbani, mikono nyuma, kama baba alivyokuwa akitembea.

Niliwaogopa zaidi watoto wa Nzomo, maana nilikuwa nimeichukua shukrani yao na kuitupa. Mkubwa wao, mwalimu mstaafu, alinyanyuka akiwa na hasira, naye alikuwa na haki. Alisema baba yake hakumwomba mtu yeyote avunjwe mkono kwa niaba yake. Kisha akageuka kumtazama ndugu yao wa mwisho aliyeketi nyuma, mfanyabiashara wa Malili. Alisema ndugu yao huyo aliitwa Ngumbau, na jina hilo halimo katika ukoo wao, si la babu, si la mjomba. Mama yao alipouliza limetoka wapi, mzee alijibu kwamba ni la mtu anayemdai. Walidhani ni mambo ya ng'ombe. Mwalimu akaketi. Huyo Ngumbau wa Malili alibaki ameketi, mtu mzima wa miaka hamsini, akitazama meza kama mtu aliyetambulishwa kwake mwenyewe.

Ukuta haukuwa tayari Oktoba. Jina la baba lilitolewa, na mzee mmoja akaomba la mjomba wake nalo lichunguzwe kwanza. Kamati ikaamua kwamba hakuna jina litakalochongwa kabla familia haijaja kusimulia, na masimulizi yaandikwe kwenye daftari kubwa litakalokaa ofisini kwa chifu, lisomwe na anayetaka. Mwalimu ndiye anayeandika. Wengine wananilaumu kwamba nimeharibu sherehe. Nawajibu kwamba mawe ninayo, yatangoja.

Nilichojifunza katika safari hii ni kwamba vita haviishi siku bendera inapopandishwa. Vinaingia katika nyumba ambazo hazikurusha risasi, vinaamua nani asome na nani aolewe, na vinakaa humo kimya kwa miaka sitini vikisubiri mtu mwenye habari aone haya ya kunyamaza. Kujenga upya nako nilidhani ni saruji na mawe. Nimeona ni kazi ya kwenda kwa miguu mpaka mlangoni kwa mtu na kusema jambo mara mbili, polepole, ukiambiwa uanze upya.

Kavutha hunipigia mara moja moja. Alinieleza kwamba Kilonzo alimjibu, baada ya siku kumi na moja, lakini alichomjibu alisema ni chao. Sikumdadisi.

Wiki tatu baada ya mkutano, asubuhi, Daudi alisimama mlangoni pa karakana yangu. Hatukuwa tumesemezana muda huo wote. Aliniuliza kama ile barabara ya Ikutha ni lami mpaka mwisho. Nikamwambia ni lami, isipokuwa kilomita mbili za mwisho, na hizo ni mchanga, aende kwa gia ndogo. Akaniuliza nyumba ya yule mama iko upande gani wa mto. Nilichukua chaki nikamchorea juu ya jiwe nililokuwa nikilifanyia kazi: barabara, shamba la ndengu, mto, paa la mabati ng'ambo. Akauinamia mchoro ule kwa muda mrefu, akaniuliza pa kuvukia ni wapi, nami nikamwonyesha.